DJ wa muziki wa kasi: Anakesha yeye, anajulikana mwingine

UKISHUKA stendi ya mabasi ya Sumbawanga alfajiri ya mwezi Julai, wakati baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa imewakunja abiria ndani ya makoti, sauti inayokupokea baada ya ile ya mpigadebe ni ya spika. Zamani ingekuwa rumba ama kwaya. Siku hizi, mara nyingi, ni singeli, ule muziki wa mbio uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa, na ambao mzee aliyezoea Msondo huusikia kama kaseti iliyokwama kwenye mashine.

Abiria wengi wanamjua anayeimba. Watakutajia Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba au Dulla Makabila bila kufikiri mara mbili. Waulize ni nani aliyeutengeneza mdundo huo, au ni nani aliyekuwa nyuma ya mashine usiku ule wimbo ulipopigwa kwa mara ya kwanza katika shughuli, nao watanyamaza. Mtu huyo ni DJ, na makala haya yanamhusu yeye: kazi yake hasa ni ipi, kasi hiyo inatoka wapi, fedha inapita wapi, na kwa nini jina lake hupotelea njiani.

Suala hili si la burudani tupu. Kijana wa Sumbawanga, Laela au Namanyere anayetamani kuishi kwa kazi ya DJ anaingia katika biashara ambayo mwenye mashine, mwenye sauti na mwenye wazo huweza kuwa watu watatu tofauti, na mara nyingi anayelipwa vizuri ni mmoja tu. Ni vema akajua mapema yeye atakuwa nani kati ya hao.

Kabla ya kwenda mbele, msomaji aelewe kwamba neno DJ kwetu lina maana nyingi. Kuna DJ wa redio, ambaye huchagua nyimbo na kuzungumza. Kuna DJ wa harusi. Kuna hata wale waliopewa jina hilo kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video, kazi ambayo marehemu Lufufu aliifanya ikapendwa nchi nzima. Anayezungumzwa hapa ni mwingine: yule anayepiga muziki wa kasi katika mikusanyiko ambayo haitangazwi gazetini, na ambaye mara nyingi ndiye pia anayeutengeneza.

Ndugu wa mbali kule London

Singeli ina ndugu wa mbali anayeitwa drum and bass, yaani ngoma na besi. Aina hiyo haikuwahi kupata makazi ya kudumu Ufipa wala katika kumbi nyingi za Tanzania, lakini historia yake inafanana na ya singeli kiasi cha kushangaza, na kwa kuwa imetangulia kwa takriban miaka kumi na zaidi, inatuonyesha mambo yanayoweza kutokea.

Ilianza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika miji ya London na Bristol, miongoni mwa vijana wa mitaa ya watu wa kipato cha chini, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka Jamaika. Kwanza iliitwa jungle. Walichukua ngoma za santuri za zamani za Kimarekani, wakaziongeza mwendo, wakazikatakata na kuzipanga upya, kisha chini yake wakaweka besi nzito ya rege.

Redio kubwa hazikuutaka muziki huo. Vijana wakafunga mitambo yao wenyewe juu ya maghorofa ya makazi na kurusha matangazo bila leseni, huku maofisa wa serikali wakipanda ngazi kuikamata. Rinse FM ya mashariki mwa London ilirusha matangazo kwa njia hiyo tangu mwaka 1994, na leseni haikuipata hadi mwaka 2010.

Heshima nayo ilikuja polepole. Mwaka 1995 Goldie alitoa albamu yake ya Timeless, na mwaka 1997 kundi la Roni Size na Reprazent kutoka Bristol lilinyakua tuzo ya Mercury kwa albamu ya New Forms. Muziki wa vichochoroni ukawa umeingia sebuleni. Hata hivyo, wengi wa waliokuwa wakikesha nyuma ya mashine katika kumbi ndogo hawakuingia nao.

Kasi inatoka wapi

Wasomaji wengi hudhani kasi ni vurugu. La hasha. Kasi ina hesabu yake, na DJ asiyeijua hesabu hiyo ataaibika mbele ya watu.

Mwendo wa muziki hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Drum and bass huenda kati ya mapigo 160 na 180. Singeli huanza panapoishia hapo: mapigo 200 ni kawaida, na zipo zinazofika 300. Kwa mapigo 240, kila sekunde moja ina mapigo manne. Mpigaji ngoma wa kawaida hawezi kuuhimili mwendo huo kwa saa nzima, na ndiyo sababu kazi hiyo imeachiwa kompyuta.

Swali ambalo watu huuliza ni hili: mtu anachezaje kwa mwendo huo asianguke? Jibu ni kwamba hachezi mapigo yote. Katika drum and bass ngoma hukimbia kwa mapigo 170, lakini besi iliyo chini yake hutembea nusu ya hapo, yaani 85, ambao ni mwendo wa rege. Mchezaji huchagua: miguu ifuate besi, mabega yafuate ngoma. Aliyekulia karibu na ngoma za jadi hahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa sababu hata pale ngoma ndogo hukimbia na ile kubwa huitia nidhamu.

Kasi ina matokeo mengine. Ukiikimbiza santuri au kanda, sauti nayo hupanda. Ukiizidisha mwendo mara mbili, inapanda oktava nzima, na mwanamama aliyeimba taarabu kwa sauti ya kujidai hugeuka kuwa mtoto anayelia. Programu za kompyuta za leo zinaweza kuongeza mwendo bila kupandisha sauti, lakini watengenezaji wengi wa singeli huiacha ipande kwa makusudi, kwa sababu ule mlio mwembamba wa kinanda au fidla ya taarabu iliyokimbizwa ndio umekuwa alama ya muziki wenyewe.

Sasa tuje kwenye mikono ya DJ. Kazi yake ya msingi ni kuunganisha wimbo unaokwisha na unaoanza bila mchezaji kuhisi kiungo. Chukulia wimbo mmoja una mapigo 174 na mwingine 172. Tofauti ni mapigo mawili tu kwa dakika, lakini ukiziacha zikienda pamoja, ndani ya sekunde 15 zitakuwa zimeachana kwa nusu ya pigo, na ukumbi mzima utasikia kama farasi wawili wanaogombana. DJ lazima ausikie mpishano huo katika kipokea sauti kimoja cha sikioni, huku sikio la pili likisikiliza ukumbi, na aurekebishe kabla mtu mwingine hajaugundua. Kadiri muziki unavyokuwa wa kasi, ndivyo muda wa kujisahihisha unavyopungua. Kompyuta ya leo huweza kufanya hesabu hiyo kwa kubonyeza kitufe kimoja, na wako wanaosema kwamba kwa hiyo ufundi umekufa. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao: kitufe hakijui kwamba bibi harusi amekaa na kwamba watu wamechoka.

Kutoka kinanda cha Casio

Singeli haikushuka kutoka mbinguni. Mama yake ni mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, muziki uliochipuka Dar es Salaam kutokana na ngoma za Kizaramo pale vijana walipokosa fedha za kununulia magita na kuamua kutumia kinanda kidogo cha Casio, ngoma za kienyeji na vipaza sauti vya zamani vinavyokoroma. Kundi la Jagwa Music, lililoanza katika miaka ya 1990, liliubeba muziki huo kwa miaka mingi katika shughuli za mitaani, na mwaka 2012 albamu yake ya Bongo Hotheads ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji.

Katika muongo wa 2000 kompyuta za mezani zilishuka bei na kufika Tandale, Manzese na Mburahati. Kinanda cha Casio kikastaafu. Kijana mmoja aliyekuwa na programu ya FL Studio, mara nyingi nakala isiyolipiwa, aliweza kufanya peke yake kazi ya watu watano. Akachukua vipande vya taarabu, sebene na mchiriku wenyewe, akavizungusha bila kikomo na kuvikimbiza. Mshairi, ambaye katika singeli naye huitwa MC, akasimama juu yake na kumwaga maneno.

Uwanja wa kwanza wa muziki huo ulikuwa kigodoro, yaani mkesha wa mtaani unaofanywa usiku wa kuamkia harusi au shughuli nyingine ya kina mama. Zipo tafsiri zaidi ya moja za jina hilo, na si zote zinazofaa kuandikwa gazetini. Kilicho wazi ni kwamba mtaa hufungwa, spika hupangwa, na muziki hupigwa mpaka jua litoke. Viongozi wa serikali za mitaa na polisi wamevipiga marufuku vigodoro mara kadhaa, wakitaja kelele, uchezaji usio na staha na ugomvi. Marufuku ikitoka, vigodoro huhama mtaa.

Humo ndimo DJ wa singeli alikojifunzia. Wengi wao hutumia programu ya VirtualDJ na kompyuta mpakato moja, na huigeuza kibodi yake kuwa ala: herufi moja inaita ngoma, nyingine king'ora, nyingine inakamata kipande kidogo cha wimbo na kukirudia mara mia. MC akikolea, DJ hana ruhusa ya kuumaliza mdundo. Anaurefusha papo hapo, dakika kumi, ishirini, huku akiongeza na kupunguza vitu ili usichoshe. Wimbo ambao baadaye utausikia kwenye basi ukiwa wa dakika nne, huenda usiku ule ulikuwa wa nusu saa.

Redio zilichelewa, kama zilivyochelewa London. Kituo cha EFM cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2014, ndicho kilichoupa muziki huo nafasi kubwa hewani, na mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo wa Hainaga Ushemeji ukaufikisha katika nyumba ambazo awali ziliudharau. Nyota wa Bongo Fleva nao wakaanza kuurekodi.

Majina mawili ya muziki mmoja

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatukulitambua. Wakati sisi nyumbani tulikuwa tukiwashangilia waimbaji, nje ya nchi singeli ilikuwa ikijulikana kwa majina mengine kabisa.

Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo waanzilishi wake pia wamekuwa wakiandaa tamasha la Nyege Nyege katika eneo la Jinja tangu mwaka 2015, ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso. Sisso ni mtayarishaji mwenye studio yake Mburahati. Zikafuata albamu za watayarishaji mmoja mmoja: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Uingizaji Hewa ya Duke na Mateso ya Sisso mwenyewe, zote mwaka 2019. Mwaka 2022 ikaja Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana ambaye muziki wake hauna hata mwimbaji.

Vijana hao walialikwa katika matamasha ya Ulaya, na waandishi wa kule, wakitafuta cha kuwalinganisha nacho, wakaitaja jungle na aina nyingine za muziki wa kasi wa kwao. Kwa hiyo mtu wa Berlin anayependa singeli anaweza kumjua Jay Mitta na asiwahi kumsikia Msaga Sumu, ilhali mtu wa Sumbawanga ni kinyume chake. Kule jina la DJ liko juu ya jalada. Hapa kwetu limo ndani ya wimbo tu, likitamkwa kwa sekunde moja mwanzoni.

Tofauti hiyo ina sababu. Kwenye kigodoro fedha hutolewa kwa kutunza, na mtu humtunza anayemtaja. MC analitaja jina la mwenye shughuli, la shoga yake, la mtaa wake, na noti zinamwangukia yeye. DJ yuko nyuma ya meza. Yeye hulipwa kwa makubaliano na mwenye kukodisha muziki, na kama spika si zake, kwanza hukatwa fedha ya spika. Katika kumbi za Ulaya hakuna kutunza. Mlango hulipiwa, na tangazo hubeba jina la anayepiga mashine.

Nani mwenye mdundo?

Swali la jina linazaa swali la haki, na hapa ndugu yetu wa London ana kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Mwaka 1969 bendi ya Kimarekani ya The Winstons ilirekodi wimbo usio na maneno uitwao Amen, Brother, ukawekwa upande wa pili wa santuri yao. Katikati yake kuna sehemu fupi ambapo wengine wote wananyamaza na mpiga ngoma, Gregory Coleman, anabaki peke yake kwa takriban sekunde saba. Wakati ule hakuna aliyeijali. Miaka 20 baadaye sekunde hizo saba zilichukuliwa, zikakimbizwa na kukatwakatwa, zikawa uti wa mgongo wa jungle na drum and bass. Zimetumika katika maelfu ya nyimbo. Ni vigumu kutaja DJ wa aina hiyo asiyewahi kuzipiga.

Coleman hakupata chochote. Alifariki dunia mwaka 2006 akiwa hana makazi. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, naye hakuwahi kulipwa mirabaha ya matumizi hayo, mpaka mwaka 2015 pale wapenzi wa muziki huo walipochangishana kwa hiari kupitia intaneti na kumkabidhi pauni 24,000. Wenyewe walikiri kwamba ulikuwa mchango wa shukrani, wala haukuwa malipo.

Sasa weka mahali pa Coleman mpiga fidla au mpiga kinanda wa taarabu ambaye kipande chake kimekatwa kikawa singeli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na inamlinda pia mtayarishaji wa rekodi. Kukata kipande cha rekodi ya mtu na kukitumia kunahitaji ruhusa. Uswahilini ruhusa hiyo huombwa mara chache mno. Lakini sheria hiyohiyo inamlinda na DJ aliyetengeneza mdundo wake mwenyewe, na ulinzi huo upo tangu kazi inapokamilika, bila kusubiri kusajiliwa. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ni ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana pale watu wawili wanapodai mdundo mmoja.

Mfumo wa mirabaha nao una mlango wake. Januari 2022 zaidi ya Sh300 milioni ziligawiwa kwa wasanii kutokana na kazi zao kupigwa katika vituo vya utangazaji. Ni hatua, tena ya kupongezwa. Lakini hesabu ya namna hiyo huwafikia waliosajiliwa, ambao nyimbo zao zina majina yanayoeleweka na zinapigwa redioni. Mdundo uliopigwa kwenye kigodoro cha Manzese, ukanakiliwa kwenye flashi, ukapanda basi la Sumbawanga na kuuzwa tena kwenye kibanda cha kuweka nyimbo katika memori kadi, haumo katika hesabu hiyo. Umesafiri nchi nzima bila mtu kuuandika popote.

Ma-DJ wa London waliwahi kujilinda kwa njia ya ajabu kidogo. Walikuwa wakichongesha nakala moja tu ya wimbo mpya kwenye sahani laini, katika duka la Music House, na sahani hiyo ilichakaa baada ya kupigwa mara kadhaa tu. Ilikuwa gharama kubwa, lakini wimbo huo hukuweza kuusikia popote isipokuwa kwa DJ huyo, kwa hiyo ukumbi ulimwita yeye. Kwa singeli sahani ni flashi, na flashi hainakiliki mara moja tu. Inanakiliwa wakati mwenyewe ameenda kula.

Kazi hii Ufipa

Anayetaka kuishi kwa kazi hii Sumbawanga asitarajie kigodoro cha Mburahati. Kazi ya DJ hapa ni harusi, sherehe za kuagwa bibi harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza na mahafali. Ratiba hushikwa na mshereheshaji. Wazee hupewa rumba, kina mama hupewa nyimbo za kutoa zawadi, nyimbo za Kifipa zina wakati wake, na muziki wa kasi huachiwa vijana mwishoni, wakati kamati imeanza kuhesabu makreti. DJ mwenye busara huutumia muda huo mfupi kujitangaza.

Kalenda nayo si ya Dar. Fedha ya sherehe Ufipa hutoka shambani. Mahindi na maharage yakishavunwa, kuanzia katikati ya mwaka, Jumamosi hujaa. Kwaresima ikiingia, katika mkoa wenye Wakatoliki wengi kama huu, harusi husimama na spika hufunikwa turubai. Mwenye kuchukua mkopo wa kununua vyombo bila kuihesabu miezi hiyo hujikuta akiuza vyombo kulipa mkopo.

Kisha kuna umeme. Kwa miaka mingi Rukwa ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea umeme ulionunuliwa Zambia na majenereta ya dizeli. DJ wa hapa alijifunza mapema kwamba jenereta ni sehemu ya vyombo vyake kama spika zilivyo, na kwamba umeme ukikatika kompyuta mpakato itaendelea kuwaka kwa betri, ikionyesha wimbo unakwenda vizuri kabisa, huku ukumbi mzima uko kimya na unamtazama yeye.

Kelele ni suala jingine. Mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliyafungia kwa muda mabaa na kumbi kadhaa jijini Dar es Salaam kwa kuzidisha sauti. Kanuni ni za nchi nzima.

Masikio na barabara

Watu humhurumia jirani asiyelala. Wachache humhurumia DJ, ambaye husimama mita mbili kutoka kwenye spika kwa saa nane. Wataalamu wa usalama kazini hukadiria kwamba sikio linaweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, na kwamba kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo ndizo Shirika la Afya Duniani liliziweka mwaka 2022 kuwa kikomo cha wastani katika kumbi za muziki, muda huo ni dakika 15. Mlio unaobaki sikioni asubuhi baada ya mkesha ni dalili ya madhara, na ukirudiwa kwa miaka hautoki tena. Pamba haisaidii sana. Vipo vizibo maalumu vya masikio vya bei nafuu, na mafundi wa viwandani wanavijua.

Na ipo hatari ambayo haina uhusiano na muziki hata kidogo. Kazi hii huisha usiku wa manane, na baada yake kuna safari. Aprili 25, 1999, DJ Kemistry, mmoja wa wanawake wa kwanza kupata jina katika drum and bass na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Metalheadz pamoja na Goldie na mwenzake Storm, alikuwa akirejea nyumbani kwa gari alfajiri baada ya kupiga muziki Southampton. Kipande cha chuma cha kuakisi taa, kilichong'oka barabarani, kilirushwa na gari la mbele kikapenya kioo na kumuua. Miezi michache kabla, albamu ya mchanganyiko aliyoifanya na Storm ilikuwa imetoka katika mfululizo wa DJ-Kicks.

Waliokuwa wakisafirisha muziki kati ya Tunduma na Sumbawanga kabla ya lami kukamilika katika muongo wa 2010 wanaikumbuka barabara ya vumbi na mashimo, spika zikiwa zimefungwa kamba juu ya lori pamoja na magunia ya maharage. Lami imeondoa mashimo na kuongeza mwendo. Dereva anayelikimbiza gari la vyombo saa kumi alfajiri, katika ukungu wa Ufipa, bado ni mtu ambaye hakulala, na mara nyingi ndiye huyohuyo DJ.

Kuhusu jina, ma-DJ wa singeli wamepata ujanja wao. Hawaliandiki kwenye faili, kwa kuwa mwenye kibanda hulibadilisha kwa sekunde moja na kuweka la mwimbaji. Hulirekodi kwa sauti na kulipachika katikati ya mdundo, pale ambapo ukilikata unaharibu wimbo. Kwa hiyo abiria wa Sumbawanga, akiwa bado stendi anasubiri basi lijae, anaweza kusikia katika dakika ya tatu sauti nyembamba iliyokimbizwa ikitaja studio moja ya Dar es Salaam, mara mbili, haraka, kisha ngoma inarudi.